Njaa ya Kuhani

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. Hapana, ishirini na tatu, maana mvua ilikuwa imerudi, Mzee Mbaluka alipopeleka simu yake, Jumamosi moja, kwa fundi wa pale Kwa Vonza. Fundi huyo kila skrubu huipuliza kabla ya kuirudisha. Jumamosi mchana husukuma simu kando, akacheza na vijana wa chuo mchezo wa hadithi na dadu. Humo yeye ni kuhani, na mungu wa mchezo humpa nguvu za kuponya. Lakini wiki iliyotangulia kuhani alidanganya, akanyimwa neema, na sasa shujaa wa Kathini, mmoja wa vijana hao, alikuwa anakufa. Kanuni ilimtaka kuhani afunge siku nzima ili arudishiwe neema. Kathini akamsogezea fundi chai na chapati. "Kula bwana, anayefunga ni kuhani, si wewe."

"Sijakula tangu jana," fundi akasema polepole. Akavua kofia, akapangusa kiganja kwenye paja, akaomba kimoyomoyo, kisha akatupa dadu. Chege, msimamizi wa mchezo, akaiinamia. "Amekusikia. Shujaa ameamka." Kathini akapiga makofi, ila fundi alikuwa analia, machozi kabisa. Mbaluka, mzee wa kanisa kwa miaka thelathini, aliyekuwa akisubiri simu yake, hakujua kama avue kofia naye ama aende zake. Akauliza: "Mwanangu, hiyo njaa uliyolala nayo, ni nani ameipokea?"