Niliandika msiba wa baba, mama akauliza mtani wake yuko wapi

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijatia chumvi. Mwenye chai aisogeze, uzi si mrefu.

Nina kaduka ka vipuri vya pikipiki hapa Iyunga, Mbeya, ila kwetu ni Iringa. Ugonjwa wangu ni riwaya, hasa hizi za nje za siku hizi ambazo hakuna anayekimbizwa wala kuuawa. Mtu anakaa dirishani anawaza, na wewe unawaza naye. Wateja wakinikuta nimezama wanadhani nasoma Biblia.

Baba alipofariki mwaka jana nikaona nami niandike. Nilitaka kitu kimoja tu, baba asipotee. Sauti yake ilishaanza kunitoka kichwani, na hilo lilinitisha kweli.

Nikaandika msiba wote. Manyunyu, watu kimya, kijana kasimama kando ya kaburi hasemi neno. Nikajiona nimeshakuwa mwandishi.

Nikampa Nasreen asome. Huyu familia yao wana duka la vitambaa Mwanjelwa, tunaazimana vitabu miaka mingi.

"Kaka, umeandika vizuri," akaniambia. "Ila nimemaliza na huyo mzee sijamjua. Huu ni msiba wa mtu yeyote."

Iliniuma, siwafichi. Nikamjibu kwamba literary fiction, yaani hizi riwaya za kuwaza, ndivyo ilivyo. Akacheka, akaendelea kupima kitambaa cha mteja.

Pasaka nikaenda Iringa, nikaamua nimsomee mama. Tangu tumzike baba, mama hakuwa akimtaja. Kulia ndiyo kabisa hatukumwona. Sisi watoto tulikuwa na wasiwasi naye.

Alikuwa anachambua maharage. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri, mwanangu. Sasa shemeji umemweka wapi?"

Nikaweka karatasi chini.

Kwa wasiojua, kwetu msiba hauendi bila watani. Mtani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu, kuwachokoza wafiwa, na hakuna wa kumkasirikia. Shemeji aliyeulizwa ni mzee Salingwa, binamu na mtani wa baba.

Siku ya mazishi alivaa koti la baba, akashika fimbo yake, akasimama getini akifoka kama yeye: "Nani kaacha geti wazi? Mbuzi wakitoka utawafuata wewe?"

Wakuu, baba aligombana na watu kwa ajili ya lile geti maisha yake yote. Siku ile hata mchungaji alipoingia aligeuka akalifunga. Watu walicheka huku wanafuta machozi.

Mimi nilichukia. Nilitamani nimvue lile koti. Kwa hiyo nilipoandika nikamwacha nje, maana kwenye riwaya ninazosoma hakuna mtu anayechekesha makaburini. Nikaona ataniharibia kazi.

Nikamweleza mama hivyohivyo. Akatikisa kichwa.

"Hao wa kwenye vitabu vyako labda hawana watani. Baba yako alikuwa naye. Umemzika peke yake bila mtani, kama mtu wa kuokotwa."

Hakunisema kwa ukali. Akarudi kwenye maharage yake.

Mchana ule nikakaa nyuma ya nyumba, nikafuta manyunyu na yule kijana bubu. Nikamwingiza mzee Salingwa na koti lake. Ajabu, alipofungua mdomo kwenye karatasi nikaisikia sauti ya baba, ile ya kukwaruza ya asubuhi. Niliandika huku nacheka peke yangu.

Jioni nikamsomea mama tena. Nilipofika kwa mchungaji kurudi kufunga geti, mama akaanza kucheka. Akacheka mpaka akajifunika khanga usoni, halafu kicheko kikageuka kilio. Nikataka kuacha kusoma, akanipungia mkono niendelee.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa naazima huzuni za watu wengine wakati ya kwetu ipo na imejaa vicheko. Riwaya za nje nitaendelea kuzisoma, nazipenda mno. Ila msiba wa baba nitauandika ulivyokuwa.

Wanaoandika humu, ni nani wa kwenu mliyemwacha nje ya stori mkiogopa ataiharibu? Mleteni tumsome.

Nilipomaliza kusoma, mama alifuta macho kwa khanga.

"Sasa baba yako amefika," akasema. "Nenda kafunge geti."