Chupa Nilizozisafisha Mno

Nianze kwa kuomba radhi kwa mwandiko huu unaolala upande, na kwa maneno ambayo nitakuwa nimeyakosea. Niliishia darasa la saba, na ukurasa mmoja unanichukua siku mbili. Lakini jambo hili nilishindwa kulisema kwa mdomo, basi naliandika.

Nafanya usafi katika jengo la kemia la chuo kikuu kimoja hapa Kampala. Nafagia, napiga deki, naosha vyombo vya kioo vya maabara. Watu hunipita bila neno, na mimi napenda hivyo. Mmoja tu hakunipita: msichana wa mwaka wa mwisho kutoka Kenya, aliyepanga chumba Kansanga. Kiganda hakukijua, na mimi nimekulia kambi ya polisi, ambako Kiswahili ndicho tulichochezea. Siku ya kwanza kunisikia alicheka, akasema Kiswahili chetu cha kambini kinasimama wima kama kinapiga saluti. Tangu hapo akaniita mdogo wangu, nami nikamwita dada.

Sehemu ya shahada yake ilikuwa nanoteknolojia. Aling'oa unywele wake mmoja, akaniambia niufikirie umepasuliwa kwa urefu mara maelfu. Vitu anavyotengeneza vina wembamba huo. Alichemsha mululuza, yale majani machungu ambayo mama alitunywesha tukiwa na homa, akachanganya maji yake na dawa yenye madini ya fedha, isiyo na rangi kama maji. Mchanganyiko ukigeuka kuwa kama chai ya rangi, ujue zile punje ndogo za fedha zimezaliwa. Mwaka uliotangulia alishindwa mradi huo. Mwalimu wake alimpa nafasi ya pili, na akamwambia hakuna ya tatu. Bila ile chai angerudi kwao bila shahada.

Chai haikuja. Kila alipochanganya, chupa iliingia weupe, na baadaye weupe ule ukatuama chini.

"Nnyabo, leo tena umetupikia uji?" fundi wa maabara alimuuliza akipita; nnyabo ni bibi kwa Kiganda.

Dada alicheka naye. Fundi alipotoka, dada aligeukia ukutani.

Alibadilisha majani, akabadilisha joto. Nilitaka kumsaidia kwa kitu ninachokijua, nacho ni kuosha. Nilipokuwa mdogo kipindupindu kiliingia kambini kwetu, kikaondoka na mtoto wa jirani. Baada ya hapo mama hakukubali kwamba kikombe ni safi mpaka kisuuzwe kwa maji ya klorini na kuachwa kikauke hivyo hivyo. Ndivyo nilivyoziosha chupa zake tangu mwanzo. Sasa nikazidisha klorini. Mashine ya kutoa maji safi ya maabara ilikuwa mbovu muhula ule, akawa anayabana yaliyobaki. Chupa nilizoosha mimi hakuzisuuza tena, kwa sababu aliniamini.

Kisha nikaenda Gulu kumzika shangazi. Niliporudi baada ya wiki, dada alinishika mkono akanipeleka dirishani. Chupa moja ilikuwa na rangi ya chai kabisa. Mwalimu alitaka irudiwe mara tatu ndipo akubali, na mimi nikaahidi kwamba chupa zitang'aa.

Zote tatu zikawa uji.

Alhamisi moja niliosha chupa ya mwisho ya ile dawa yake. Matone yaliyobaki yaliangukia ndoo yangu ya klorini, na pale yalipoangukia pakaingia ukungu mweupe. Ulikuwa weupe ule ule. Nilisimama na chupa mkononi nikahesabu siku: wiki ambayo sikuwepo ndiyo wiki aliyoosha mwenyewe.

Nilifika mlangoni mwa maabara mara tatu. Alikuwa anaandika, kichwa chini. Nilijiambia dawa imekwisha, haina faida tena. Lakini nilijua si kweli. Kama ningesema, angalau angekuwa na sababu ya kumpa mwalimu. Nikarudi kwenye ndoo yangu. Jumatatu aliingia mbele ya walimu bila sababu yoyote, na jioni jina lake halikuwemo katika orodha ya waliofaulu.

Alikuja kuniaga pale ninapoweka mafagio, akanipa koti lake jeupe.

"Dada," nilisema, "zile chupa..."

"Chupa zilikuwa safi, mdogo wangu," akanikatiza. "Katika jengo hili zima ni wewe tu hukuniangusha."

Nikalikunja koti. Akaenda. Simu yake ya Uganda haipatikani tena, na ya Kenya sikuwahi kumwomba, kwa aibu.

Koti nimelitundika nyuma ya mlango, silivai. Vyombo vya kioo siviwekei klorini tena, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Wanafunzi wapya wanachanganya vitu vyao vingine, mimi nafagia.

Ninyi mnaosoma barua hii, huenda kati yenu yumo aliyesomea mambo hayo madogo. Naomba mniandikie. Niambieni kama kweli ilikuwa klorini, ingawa nadhani jibu ninalo. Na kama ningempata leo, kumwambia kungemsaidia yeye, au kungenipunguzia mzigo mimi tu? Andikeni kwa herufi kubwa, nasoma polepole.