Taa ya Manjano ya Diski ya Tatu

Zubaida alikuwa na macho yasiyopumzika. Hata akicheka, macho yake yalikuwa yakikagua nani kaingia, nani katoka, mlango upi umebaki wazi. Hakuzaliwa hivyo. Yalianza siku vita ilipoingia mjini Palma, watu wakatawanyika kila mtu na njia yake, na mkono wa binti yake Nazira ukamponyoka katikati ya umati kwenye barabara ya kwenda kijiji cha Mute. Nazira alikuwa na miaka kumi na minne. Tangu siku ile Zubaida hajamwona, wala hajasikia mtu akisema amekufa.

Katika kukimbia huko, simu yake ilizama kwenye matope ya mikoko, na picha zote za Nazira zikazama nayo. Ilisalia moja, ndogo, ya kitambulisho cha shule, aliyokuwa ameifunga kwenye pindo la kanga. Waliporudi mjini aliipeleka kwenye ofisi ya kuandikisha watu waliopotezana. Wakaipitisha kwenye mashine ya kunakili, ikaingia kompyutani, wakamrudishia. Masika ya mwaka uliofuata maji yakaingia kibandani kwake, karatasi ile ikachujuka ikawa nyeupe tupu. Basi uso wa Nazira ukabaki mahali pamoja tu: ndani ya seva, kompyuta kubwa inayotunza mafaili ya ofisi ile. Zubaida alipopata kazi ya usafi palepale, majirani walimpongeza. Yeye moyoni alijua amekwenda kukaa karibu na mwanawe.

Seva ilikaa chumba cha nyuma chenye kiyoyozi, na fundi wake aliitwa Ricardo, Mmakonde wa kule juu kwenye uwanda mkavu wa Mueda, mtu mzima mwenye watoto wawili. Zubaida yeye ni Mmakua, kwa hiyo tangu siku ya kwanza walijua wao ni watani.

"We mtu wa juu, futa miguu!" alimfokea mlangoni. "Kwenu maji mnayaona kwenye ndoto, lakini hapa yapo."

"Na nyinyi mnaoyaona kila siku," alijibu Ricardo, "mbona bado mnanuka dagaa?"

Ofisi nzima ilicheka. Utani wao ulikuwa na sheria zake, kama ulivyo utani wa huko tangu babu na babu. Mtani atakuita mchawi mbele ya wakwe zako na utacheka. Atakukamatia jogoo wako amchinje, na hutasema neno. Lakini siku ya msiba mtani ndiye anayeshika jembe achimbe kaburi, na siku hiyo hasemi uongo.

Ricardo ndiye aliyemfundisha kuitazama seva. Ilikuwa na diski sita zilizopangwa kifuani kama vifungo vya shati, zote zimefungwa kwenye kadi moja inayoziongoza.

"Wafikirie wanawake sita wa kikundi cha ngoma ya tufo," alimwambia. "Kila mmoja ana ubeti wake, na kila mmoja amekariri kidogo ubeti wa mwenziwe. Mmoja akiugua, watano wanauimba wimbo mpaka mwisho. Wakiugua wawili kwa pamoja, basi, wimbo umekufa. Kwa hiyo akiugua mmoja, tunamleta mgeni upesi, wale watano wanamfundisha. Mgeni yuko humu." Akapiga kofi sanduku dogo juu ya kabati, lenye diski ya akiba.

"Na nitajuaje kama kaugua?"

"Taa yake. Kijani mzima, manjano mgonjwa. Na kadi yenyewe italia. Ikilia, nipigie. Hata kama nimelala na mkeo."

"Sina mke, mjinga wewe."

"Ndiyo maana nakwambia."

Zubaida alisoma mpaka darasa la nne, na kuandika alijua. Akanunua kaderno, daftari la kuandikia, na kila asubuhi kabla ya kushika ufagio aliandika tarehe na herufi sita: K sita za kijani. Siku moja Ricardo alimfungulia faili la Nazira kwenye skrini. Zubaida akaitazama picha ile kwa muda mrefu. Ricardo akasema taratibu, bila utani, "Mama Nazira, huyu yuko mikononi mwangu." Neno hilo alilala nalo na kuamka nalo.

Jumanne moja ya Februari, saa tatu asubuhi, kadi ikalia. Mlio mkali, usiokoma. Taa ya tatu ilikuwa manjano. Zubaida akampigia Ricardo, ambaye siku hizo alikuwa amepata kazi nyingine kwenye mradi wa gesi wa Afungi na alikuja mjini mara chache.

"Mtani, mmoja wa waimbaji wako kaanguka," alisema. Alikuwa na hofu, na akiwa na hofu ulimi wake hukimbilia utani. "Njoo umzike, au na jembe umeliuza?"

Ricardo akacheka. Baada ya dakika chache, simu ikiwa bado sikioni, mlio ukakatika wenyewe.

"Umesikia? Nimeshughulikia kutoka huku huku, kwa kompyuta yangu. Ni joto tu, Mama Nazira."

"Taa bado ni ya manjano."

"Itarudi. Na usimsumbue senhor Aiuba. Nitakuja mwenyewe."

Senhor Aiuba alikuwa mkuu wa ofisi. Mlango wake ulikuwa hatua kumi kutoka pale. Zubaida alizihesabu hatua zile kila siku na hakuzipiga. Ungemsemea vipi mtani wako kwa mkubwa wake, kama mgeni asiye na asili? Akabaki akiandika: K, K, M, K, K, K. Akampigia tena, mara nne. Kila mara alianza kwa kumtukana, kama ilivyokuwa desturi yao, na kila mara Ricardo alijibu kwa tusi tamu zaidi, akakata simu.

Siku ya kumi na tisa alikuja. Alikula wali wa nazi wa Zubaida, akaweka sahihi kwenye kaderno chini ya zile M zote, kisha akaibeba. "Nakwenda kuiingiza kwenye kompyuta." Zubaida aliona jambo lingine pia. Asubuhi moja kabla ya hapo, alipopangusa kabati, lile sanduku la diski ya akiba lilikuwa limebandikwa utepe mpya, na mkononi lilikuwa jepesi. Aliona, akajiambia haelewi mambo ya mafundi.

Jumatatu iliyofuata taa ya tano nayo ilikuwa manjano. Hakuna kilicholia. Kompyuta zote za ofisi ziliandika kitu kimoja, kwamba mafaili hayapatikani. Watu elfu tatu waliopotezana, majina yao, vijiji vyao, nyuso zao, wakawa wamepotea mara ya pili.

Kikao kilifanyika siku hiyohiyo. Zubaida aliitwa akasimama karibu na mlango na ufagio wake. Ricardo alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi.

"Senhor, mimi sikuambiwa lolote," alisema. "Nina wasiwasi huyu mama wa usafi aliigusa mashine wakati wa kupangusa. Diski zile hutoka kwa kuvutwa tu."

Zubaida alidhani amesikia vibaya. "Ricardo. Nilikupigia mara tano."

"Alinipigia, sikatai. Lakini, senhor, sisi ni watani. Mmakua akimwambia Mmakonde njoo uzike, nani atajua kuna jambo la kweli? Alikuwa ananitania."

Wawili watatu walicheka, kwa mazoea. Kaderno, alitaka kusema Zubaida. Kisha akakumbuka kaderno iko wapi. Akatazama mikono ya Ricardo, ile iliyopewa Nazira, jinsi ilivyotulia mezani.

"Siku ya msiba," alisema mwishowe, "mtani hatanii. Unajua. Ulijua msiba wangu uko humo ndani."

Senhor Aiuba alimsimamisha kazi mpaka uchunguzi uishe. Zubaida alirudi nyumbani na ufagio mkononi, amesahau kuurudisha.

Siku ya nne akaitwa. Fundi mwingine alikuwa amefika kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa, mwanamke aitwaye Jéssica, miwani juu ya paji la uso, asiyecheka ovyo. Ricardo naye alikuwapo.

"Linux, programu inayoiendesha seva hii, inakaa kwenye diski yake ndogo ya pembeni, na hiyo haijafa," alisema Jéssica. "Na kadi ina kumbukumbu yake, haifutiki kwa kuzima umeme. Nimezisoma zote mbili." Akageuza kompyuta yake. "Tarehe tisa Februari, saa tatu na dakika nne, diski ya tatu imekufa. Saa tatu na dakika kumi na sita, king'ora kimenyamazishwa. Kadi inasema saa. Linux inasema nani: amri iliandikwa na mtumiaji aitwaye ricardo. Siku hiyohiyo ricardo amezima pia barua ya tahadhari iliyokuwa ikienda kwa mkuu wa ofisi." Akaliweka sanduku la akiba mezani, akalifungua. Lilikuwa na kitambaa kilichokunjwa. "Na hii diski iko wapi?"

Ricardo alijibu kwa sauti ndogo kwamba kule kwenye kazi yake nyingine mashine iliharibika mwezi Januari, akaazima. Alitaka kuirudisha.

"Huyu mama hakugusa kitu," alisema Jéssica.

Senhor Aiuba akamwomba radhi Zubaida mbele ya wote. Zubaida akaitikia kwa kichwa. Hakuwa amekuja kwa hilo.

"Mwanangu je?" aliuliza.

Jéssica aliibeba diski ya tano, iliyokufa mwisho, hadi Pemba ajaribu kuifufua. Alirudi baada ya siku tisa na sehemu tu ya mafaili. Faili la Nazira lilikuwamo: jina, umri, jina la mama. Picha ilifunguka polepole. Ukaonekana ukingo wa mtandio, paji la uso, mstari wa nyusi. Kuanzia hapo kushuka chini palikuwa kijivu kitupu. Zubaida alingoja iendelee kufunguka. Jéssica akamwacha angoje, kisha akamwambia imeishia hapo.

Seva mpya ikasimikwa, Zubaida akarudishwa kazini. Zubaida aliomba jambo moja, kwamba tahadhari ifike kwenye simu mbili, na moja iwe yake. Wakakubali. Akanunua kaderno nyingine, akaifungia kwenye sanduku lake.

Wiki moja baadaye Ricardo akaja, ameshafukuzwa kazi, jogoo kwapani, kama afanyavyo mtani anayetaka yaishe. Akasimama mlangoni, akajaribu kutabasamu.

"We mnuka dagaa! Mtani wako kaja na vumbi lake. Si unifokee?"

Ofisi nzima ikawageukia. Zubaida aliinua kichwa. Akaitazama miguu yake yenye vumbi, akatazama njia ambayo miguu ile ingepita kufika chumba cha nyuma, akausimamisha ufagio mbele yake.

"Bom dia, senhor Ricardo," alisema, akimsalimu kwa Kireno kama mtu asiyemjua. "Wageni wanasubiri nje."