Mjapani Aliyezeeka Akawa Mtoto

Enzi zetu pale Newala, kitabu kilikuwa kitabu hata kama hakuna aliyeweza kukisoma. Mwalimu wa hesabu kutoka Japani, aliyekuja kujitolea, alipomaliza muda wake aliwagawia majirani sufuria na ndoo. Sisi watoto tukaambulia kitabu kinene cha katuni za kwao, manga, Kijapani kitupu. Alituonyesha mtu kwenye picha akasema, "Huyu mchoraji. Maisha yake." Kisha akapanda gari la Masasi.

Kwa kuwa nilikuwa wa kwanza darasani, nilijiteua msomaji. Tulikaa nyuma ya jiko la mama, midomo imebabuka kwa mafuta ya korosho tulizochoma wenyewe, mashati yana madoa ya mabibo yaliyoshinda kila sabuni, nami nikifunua na kueleza. Mzee mwenye miwani anapigiwa makofi ukumbini. Kisha ana meza kubwa, vijana wanamsaidia kuchora. Kisha meza imekuwa ndogo, vijana hawapo. Kisha amesinzia juu ya karatasi, bakuli tupu pembeni. Mvi zinageuka nywele nyeusi, tukashangaa kidogo, ila Japani ni mbali, nani ajuaye dawa zao? Mwishowe ni mtoto peku, anachora vumbini kwa kijiti.

Aliyesikiliza kuliko wote ni rafiki yangu Chilumba, ambaye hakuacha ukuta bila kuuchora kwa mkaa. Baba yake alikuwa ameupaka ukuta wa mbele udongo mweupe, kwa maji yaliyopandishwa kichwani kutoka bondeni, Chilumba akauchora kuku. Mzee akaapa: mchoro mwingine, na kijana anakwenda Mnyambe kwa mjomba wake kupalilia mikorosho, shule basi. Chilumba alitafuta ushahidi kwamba kuchora kunalisha. Mimi nikampa Mjapani anayeanza na makofi na kuishia peku.

"Basi," alisema, akautupa mkaa wake motoni.

Ndipo akapita Somoe, binti wa jirani, katoka madrasa na juzuu yake kifuani. Akachungulia.

"We, mbona unaanzia mwisho?"

"Mwisho gani? Si hapa ndipo kinapofunguka?"

"Kwenu huko!" Akaninyang'anya, akakigeuza, akakifungua kutoka kulia kama afunguavyo juzuu. Mtoto akakua. Bakuli likajaa. Meza ikapanuka. Ukumbi ukasimama kupiga makofi.

"Wa kwanza darasani!" Somoe alicheka hadi akashika mbavu. Chilumba alishachomoka na kitabu kwenda kwa baba yake, sisi nyuma.

Mzee alipokea shikamoo zetu, akafunua ukurasa mmoja mmoja. "Na baba wa huyu yuko wapi?"

Somoe akamwonyesha: hapa baba anamvunjia mtoto kalamu. Akafunua mbele sana: huyu hapa, kazeeka, amekaa mstari wa mbele ukumbini.

Mzee akakohoa. "Achore. Lakini ukuta wa nyuma."

Chilumba akachora hadi ukubwani, akawa mchora mabango: vichwa vya vinyozi, mbuzi wa mabucha, Newala mpaka Nanganga, hadi yalipoingia mabango ya kuchapishwa yakamnyang'anya ugali. Siku hizi wanangu wanasoma manga kwenye simu. Wanajua waanzie wapi, na mchoraji anapenda chakula gani. Waambie wachore kuku, wanaomba chaji. Sisi tulikuwa na kitabu kimoja tukakibishania mwaka mzima. Wao wana vyote, na hawana wa kubishana naye.

Likizo iliyopita nilimkuta Chilumba uani, mzee mwenye miwani, peku, amechuchumaa na wajukuu, anachora kuku mchangani kwa kijiti. Nikampa pole ya mabango.

"Pole ya nini? Nimefika pale ulipomalizia kusoma wewe."

Kuku wa kweli akapita juu ya yule wa mchangani, akamfuta mkia. Chilumba akamchora mkia mwingine, mrefu zaidi, na wajukuu wakapiga makofi.