Futa Kiti

Miaka ile ya vita na shifta, waasi wa Kisomali, nilikuwa karani wa taipu Garissa, kijana wa bara mwenye hasira za karibu. Kila wiki mbili malori ya unga wa msaada yalikwenda Bura yakisindikizwa na askari, na orodha ya watakaopewa ilikuwa lazima iondoke nayo saa sita. Asiyekuwemo hapati, hata alie. Mimi nilijua kuchapa. Majina aliyajua mkalimani wetu, Msomali wa pale pale mjini aliyenizidi umri. Bila yeye mashine yangu ilikuwa chuma tu.

Na hakuwa na haraka, jamani! Amsalimie huyu, aulizie ngamia wa yule, anywe chai. Nikifoka, ananijibu, "Bole bole, walaal," yaani ndugu yangu. Kiswahili chake hakikuwa na p wala v. Asubuhi akinikaribisha mezani kwake husema, "Futa kiti, bwana karani," nami hutoa leso nikakipangusa kile kiti kwa madaha, ofisi nzima ikacheka. Naye hucheka, ingawa siku nyingine hutazama karatasi zake.

Siku moja alifika saa tano, orodha imejaa vumbi. Akasoma, nikachapa stensili mbio mbio, jasho likidondokea herufi. Tulipofika mwisho akagusa jina la chini kabisa. "Huyu bwana amekufa juzi. Bibi yake iko na watoto wanne. Futa juu." Kisha akatoka kwenda kumsihi dereva wa lori la mbele asubiri kidogo, maana honi ilishaanza kulia.

Nikachukua wino mwekundu wa kusahihishia, nikaupaka juu ya jina. Maiti hali unga, nikajisemea. Sikumwita nimuulize.

Alasiri, malori yameshakwenda, akaipitia nakala yetu kwa kidole kutoka juu hadi chini.

"Mama iko wabi?"

"Si ulisema futa?"

"Nilisema futa! Futa!" Akashika kamba isiyokuwepo, akaivuta kwa mikono miwili. "Futa juu, akae mbele! Mama anachukua kwa jina ya bwana, na wa mwisho unga inakwisha!"

Mimi niliyepangusa kile kiti miezi mizima ningesemaje sikumwelewa? Kule Bura mama wa watoto wanne angesimama foleni aambiwe hayumo, arudi baada ya wiki mbili.

Ilibaki redio ya polisi, na haikutumika bila saini ya afisa wetu. Tukaingia kwake sote wawili. Afisa akauliza nani amelifuta jina, na aliuliza akimtazama mkalimani. Siku zile karani wa bara akikosea ni mzembe. Msomali akikosea kwenye karatasi ya serikali ni shifta. Nilijua hivyo vizuri sana. Nikaangalia viatu vyangu. Afisa akangoja, kisha akainama na kushika kalamu.

"Ni Kiswahili yangu, bwana," mkalimani akasema. "Mbaya."

Ujumbe ulikwenda, na kabla ya magharibi jibu likarudi: mjane amepewa. Mkalimani akaondolewa ofisini akawekwa kwenye lango la ghala. Aliyeletwa badala yake alitamka v safi kabisa, na orodha zake zilifika mapema. Tatizo hakujua nani kafiwa, nani kajifungua, na mimi sikuwa na wa kumuuliza.

Baada ya mwezi nilimkuta hotelini, kikombe cha chai mbele yake.

"Futa kiti, bwana karani."

Nikakivuta, nikakaa. Nikamwambia kosa lile lilikuwa langu, na kwamba niliogopa.

"Najua, walaal," akasema, akinimiminia chai. "Nilikungoja mbaka afisa akashika kalamu."