Keki Iliyoimbiwa Kupita Kiasi

Nilificha habari hii miaka mingi, lakini kwa kuwa wengi walioiona kwa macho wameshazikwa, leo nasema wazi: siku wageni wa posa walipokuja kwetu Kaisho, niliunguza keki ya bibi yangu kwa sababu ya kuringia sauti.

Bibi, mzaa mama, alipokuwa msichana alifanya kazi jikoni kwa mke wa mmisionari kule Bukoba, akajifunza keki na kuja nayo nyumbani kwa mtindo wake: ndizi kisukari zilizoiva mpaka ganda likawa jeusi, unga wa ngano, mayai na samli, vyote ndani ya sufuria nzito, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Saa hatukuwa nayo, kwa hiyo keki ilipimwa kwa wimbo wetu wa mavuno wenye beti sita: unauimba mara tano, ukimaliza unaipua. "Lakini uimbe kimoyomoyo," alinionya, na nilipouliza kwa nini akaniambia nifuate tu ninavyofundishwa.

Wageni wenyewe walikuwa Mzee Yoeli, baba yake Elia wangu, mzee wa kanisa kutoka Nyakatuntu, pamoja na dada yake, ambaye alishatangaza kwamba msichana aliyesoma mpaka darasa la nne hawezi kujua jiko. Keki ndiyo ilikuwa jibu langu kwa huyo shangazi yake Elia, na unga ulioagizwa Bukoba ulitosha keki moja tu.

Basi nikaweka sufuria motoni, nikaimba kimoyomoyo vizuri kabisa, mpaka nikasikia wageni wanakaribishwa ndani, na hapo ukanipanda wazimu wa kwaya (nilikuwa naongoza sauti ya kwanza, na nilijijua), nikaona si vibaya wakijua pia kwamba nina koo, nikapaza. Ubeti wa pili Mzee Yoeli akaupokea kwa besi kutoka nyumba kubwa, wa tatu shangazi naye akaingia, na wa nne baba akatokea mlangoni.

"Njoo ndani mwanangu, utuongoze."

Ningekataaje? Nikaingia, nikapiga magoti, shikamoo huku na shikamoo kule, habari za ng'ombe, za kahawa, za mvua (kwetu salamu hazikatwi katikati), kisha tukauanza wimbo upya, na walivyoupenda walirudia mpaka nikapoteza hesabu. Nilipoanza kuinuka Mzee Yoeli akafumba macho na kusema, "Tuombe." Akauombea ukoo wake na wetu, akaiombea migomba, akawaombea ndama waliozaliwa na ambao bado, na mimi harufu nishaisikia, na bibi amefumbua jicho moja ananitazama, midomo yake ikisema polepole neno moja: kimoyomoyo.

Shangazi ndiye aliyeuona moshi. "Waitu, jamani, jiko linaungua," akasema, akatoka mbio, akanyakua mtungi wa kwanza aliouona na kuumwaga wote juu ya sufuria. Mtungi ule ulikuwa na juisi ya ndizi ambayo baba aliikamua asubuhi kwa ajili ya wageni hao hao. Kwa hiyo keki imeungua, halafu imelowa, na kinywaji kimekwisha. Nililia, siwadanganyi, kwa sababu nilimwona Elia ananiponyoka.

Bibi alichukua kisu, akakwangua weusi wote, katikati kikabaki kipande cha ukubwa wa ngumi kilichonywa juisi, akakigawa kwa wageni wawili. Shangazi alitafuna muda mrefu sana, mimi nikiwa nimepiga magoti na masizi usoni. Alipomeza alimgeukia Mzee Yoeli.

"Kaka," akasema, "siku ya harusi, sala ataomba mtu mwingine."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba nimeposwa.

Keki hiyo nimeipika mara nyingi tangu hapo, nami niliapa kutofungua kinywa ikiwa motoni. Hata leo Elia akichungulia jikoni na kuniuliza kwa nini nimenuna, simjibu mpaka nimalize ubeti wa sita, mara ya tano.