Siku Niliyojificha Nyuma ya Pikapu ya Mume Wangu

Aibu hii nimeikalia kimya muda mrefu, na nisingeisimulia kama si nyinyi wenyewe kuwa mshaisikia nusu nusu kutoka kwa watu wa Ole, ambao kila mmoja kaitia chumvi yake, basi bora muipate kwa mwenyewe, ambaye ndiye miye, mwanamke mzima wa Tibirinzi, mama wa watoto watatu, mshona sare za skuli, niliyetoka chini ya turubai mbele za watu kama kuku aliyefunguliwa tengani.

Mume wangu, Baba Zuhura, ana pikapu (nzee kuliko ndoa yetu, na ndoa yetu si ya jana) anayobebea ndizi na mihogo kutoka mashamba ya Ole na Pujini kuleta sokoni mjini Chake, na hiyo ndiyo inayotulisha. Sasa ile gari ikaanza kutetemeka. Haikuzima wala haikutoa moshi, ilitetemeka tu, tena ikifika mwendo fulani, ukizidisha inatulia, ukipunguza inatulia, ukirudi pale pale inaanza upya mpaka vioo vinalia na meno yanagongana. Akabadilisha matairi, bado. Akayabalansi, bado. Fundi mmoja wa mjini akamwambia ni mauntingi za injini, vile vipira inavyokalia, zikafunguliwa zikatiwa mpya, bado. Wenye ndizi wakaanza kutafuta gari nyengine, maana ndizi zao zilifika sokoni zimechubuka.

Ndipo zikaanza safari za Ole. Kila baada ya siku mbili, saa nne asubuhi, pikapu haina mzigo, na yeye kaoga na kavaa shati safi. "Naenda kuijaribu gari," ananiambia. Nikimuuliza inajaribiwa vipi, anasema, "Unaiendesha tu, unasikiliza." Saa tatu nzima mtu anasikiliza. Na miye, nakwambieni ukweli, nina wivu. Sikufundishwa na mtu, nimezaliwa nao (nilipokuwa mdogo nilimnunia mama yangu siku mbili kwa kumsuka mtoto wa jirani nywele zikapendeza kuliko zangu).

Siku moja alasiri akaacha simu mezani kwangu, karibu na charahani, akenda kutia udhu. Ikalia. Nikatazama jina: Fundi Ole. Nikapokea nimwambie asubiri kidogo, na kabla sijafungua mdomo nikasikia sauti ya mwanamke, laini, ya mtu asiye na haraka. "Kesho uje mtupu kama juzi," akasema. "Ukija na watu siipati vizuri." Kisha akakata.

Uje mtupu. Nimeishi miaka arubaini na kitu sijapata kusikia fundi wa gari mwenye sauti ile, kwa hiyo nikajua (nasema nikajua, sikudhani) kwamba mume wangu ana mwanamke huko na kampa jina la fundi ili miye nisishituke. Simu nikairudisha pale pale. Chakula nikampakulia kama kawaida, ila wali wake niliuchota chini kabisa, kwenye ukoko.

Kumuuliza lilikuwa jambo la neno moja, nanyi mngeuliza. Miye asubuhi alipoingia kuoga nikavaa baibui langu kuukuu, nikapanda nyuma ya pikapu, nikalala chali, kichwa upande wa dereva, nikajifunika turubai.

Mle ndani palinuka ndizi mbivu na bati lilishapata jua. Tulipotoka mjini na gari ikafika ule mwendo wake, ndipo nilipofahamu kwa nini ndizi zilikuwa zinachubuka. Lakini maumivu yale sikuyajali, nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nayo mengi, mazuri, na nikayapanga vizuri mpaka gari iliposimama.

"Umekuja mtupu?" ikauliza ile sauti ya kwenye simu.

"Mtupu kabisa," akajibu mume wangu.

Mlango ukafunguliwa, mtu akakaa, tukaondoka. Kioo cha nyuma cha pikapu kilivunjika zamani, pameekwa nailoni tu, kwa hiyo kila neno nililisikia.

"Ongeza," akasema mwanamke. "Ongeza kidogo. Hapo hapo, usizidishe."

"Unaisikia?" akauliza mume wangu, mume wangu ambaye miye huwa haniulizi hata kama nimekula.

"Naisikia. Inaanzia chini, inapanda. Sasa achia. Bado ipo?"

"Ipo."

Hapo uvumilivu ukanishinda. Nikainuka na turubai langu kichwani, nikawa nalipiga paa kwa ngumi mbili huku nasema mshushe huyo mwanamke, mshushe hapa hapa. Baba Zuhura akatazama kwenye kioo cha pembeni akaona kitu kimesimama nyuma yake, kirefu, hakina uso, usukani ukamponyoka, na gari ikaacha njia ikapanda juu ya majamvi mawili ya karafuu zilizoanikwa mbele ya nyumba ya watu. Miye nikaanguka kitako humo humo. Hakuumia mtu, alhamdulillahi.

Wanawake waliokuwa wakichambua karafuu wakasimama. Wanaume waliokuwa barazani na kahawa wakaja na vikombe mkononi. Na miye, badala ya kunyamaza, nikasimama juu ya ile pikapu nikaanza yale maneno niliyoyapanga, kwamba tazameni, huyu ndiye mwanamke anayewaita waume za watu wende watupu.

Mlango ukafunguka. Akashuka mwanamke wa rika langu, kajifunga kilemba, kavaa ovaroli, grisi imempanda mpaka kwenye viwiko, na mfukoni mwake imechomoza spana. Maneno yaliyobakia sikuyasema.

Mwenye karafuu, bibi mmoja wanamwita Bi Mize, akanitazama kutoka chini. "Weye," akasema, "huyu ni Fundi Mwanaisha. Kamaliza masomo yake Unguja, karudi kwao, na mashine yetu ya kusaga ni yeye anayeitengeneza. Wamtakia nini?"

Watu walicheka, na wana haki. Mume wangu hakucheka wala hakugomba. Alibaki ndani, mikono kwenye usukani, kainamisha uso, na hilo liliniuma kuliko kicheko cha baraza nzima.

Yule fundi akaja ubavuni mwa gari. "Dada, umepanda wapi?"

"Tibirinzi."

"Njia nzima umelala humo?"

Nikaitikia kwa kichwa, nikingoja anitukane. Lakini akauliza, tena kwa dhati kabisa, "Ikianza kutetemeka, wewe inakupiga wapi?"

Nikamwambia ilinipiga mabegani na kisogoni, na miguuni, upande wa nyuma, hapakuwa na kitu. Inazunguka, nikamwambia, kama gurudumu la charahani lililolegea pahala pake.

"Miye muda wote nimekuwa nikiitafuta nyuma, kwenye difu, baina ya magurudumu," akasema.

Wanaume wakaisukuma pikapu kutoka kwenye karafuu, naye akajilaza chini yake. Baada ya muda akaniita niiname nione. Ule mti mrefu wa chuma unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma umeshikwa katikati na beringi, na beringi imevikwa mpira, na ule mpira ulikuwa umechanika upande wa juu, pasipofika jicho. Akautikisa mti kwa mkono mmoja, ukacheza. Hapo penyewe ni chini ya mabega yangu nilipokuwa nimelala.

Nilitaka niondoke, lakini Bi Mize akanionesha mchanga. "Kaa uokote," akasema kwa sauti ndogo. Nikakaa mpaka adhuhuri naokota karafuu, moja moja, nyengine nazichokoa kwenye matairi kwa kijiti, na kila aliyepita akauliza huyu mgeni ni nani, na Bi Mize akamsimulia tangu mwanzo.

Tuliporudi nilikaa mbele. Tulipokaribia mjini nikamuuliza kwa nini hakuniambia kwamba fundi ni mwanamke.

"Ningekwambia, ungefanya nini?" akauliza.

Nikajitazama nilivyojaa grisi na mchanga. Akaendelea, taratibu, "Watu kunicheka si kitu, Mama Zuhura. Ila umeniona miye ni mtu wa hivyo."

Pikapu ilitengenezwa, ikatulia, na wenye ndizi wakarudi. Moyo wake ndio uliochelewa kurudi. Karibu mwezi mzima kila akitoka akinitajia, bila kuulizwa, anakwenda wapi na atakutana na nani, "nakwenda dukani, anayeuza ni mwanamme," na hakuwa akifanya mzaha. Nilikuwa natamani anifokee.

Wivu sikuapa kuuacha, maana siwezi kula kiapo nisichokiweza, na juzi tu nilipomsikia akimsifu mke wa ndugu yake kwa mchuzi wa pweza ule wivu wangu uliamka tena. Nilichoapa ni kuuliza. Nikae kitako, mlango umefungwa, nimtazame mume wangu usoni, nimuulize kwa mdomo wangu, na akinijibu, nimsadiki.